Kuunda Protini ya Kimulimuli Itakayoonyesha Kazi ya Kaspasi Ndani ya Seli

Anayetaka kuunda kihisi cha protini kinachotoa mwanga kaspasi, yaani vimeng'enya vinavyokata protini nyingine, vinapofanya kazi, anaweza kuikamilisha hatua ya kwanza akiwa nyumbani kwake Mkomani, Lamu, kwa kompyuta na intaneti tu, kwa kuwa jeni, yaani maelekezo ya kuunda protini hiyo, hupangwa kwa herufi kabla ya kuagizwa. Seli ndizo zinazohitaji maabara iliyotimia.

Anza na lusiferasi (kimeng'enya kinachowezesha mwanga) ya kimulimuli aitwaye Photinus pyralis, yenye asidi amino 550 zilizokunjamana kuwa sehemu mbili, moja kubwa na nyingine ndogo, ambazo lazima zikaribiane ili lusiferini, kemikali inayotoa mwanga, iungue kwa msaada wa ATP (molekuli ya nishati ya seli), magnesi na oksijeni. Ziunganishe ncha zake mbili za asili kwa uzi mfupi unaokatwa na kimeng'enya unachokitafuta, kisha ufungue ncha mpya mahali pengine kwenye mnyororo. Kwa kaspasi-3, inayofanya kazi seli inapojiua kwa mpangilio, uzi huo ubebe DEVD, yaani asidi aspatiki, asidi glutamiki, valini na asidi aspatiki tena; kaspasi hukata baada ya hiyo ya mwisho. Uzi ukiwa mzima, sehemu hizo hukaa kama mbao mbili za mlango wa Lamu zilizozuiwa kwa kamba zisikutane, na ukikatwa, mwanga huongezeka.

Usiamini mwanga huo upesi. Unda pia kihisi pacha ambacho asidi aspatiki ya mwisho imebadilishwa kuwa alanini, kwani kaspasi haitaweza kukikata. Zipe seli zenye kila kihisi staurosporini, inayoziua, na nyingine uzitangulizie Z-VAD-FMK, inayozuia kaspasi. Mwanga ukipanda hata kwa pacha, au usiposhuka kwa kizuizi, basi unachopima si kaspasi.

Mtego mkubwa zaidi, nao husahauliwa mno, ni ATP: seli inayokufa huishiwa nayo, hivyo mwanga unaweza kufifia ilhali kaspasi ingali inakata. Kwa sababu hiyo, seli za baadhi ya sampuli zipasuliwe na kuongezewa ATP na lusiferini kwa wingi kabla ya kupimwa. Lusiferasi ya Renilla (kiumbe wa baharini), isiyohitaji ATP, hufaa kulinganishia wingi wa seli zilizopokea jeni, mradi ipewe selenterazini, kemikali yake ya kutolea mwanga.

Joto la pwani nalo lina hesabu yake. Lusiferasi ya asili hulegea upesi kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, na mwanga wake, ambao kwa kawaida huwa wa manjano-kijani, huelekea wekundu. Kwa hiyo sampuli zilizopasuliwa zipimwe kwenye takriban nyuzi 25, katika sahani nyeupe zinazorudisha mwanga kwenye kipimio. Lusiferini inayovushwa kwa boti kutoka Mokowe isafirishwe katika barafu kavu, ndani ya kasha lisilopenya mwanga, na igawanywe katika vichupa vidogo ili isigandishwe na kuyeyushwa mara kwa mara.