Kipokezi cha nzige kwa donge la chapati

Maabara yangu ya twisheni hapa Moshi ni meza ya jikoni. Sukuma donge la chapati, funika nalo mdomo wa kikombe: huo ni utando wa seli ya mafuta ya nzige, wale walioingia kaskazini mwa Tanzania mwaka 2021. Chomeka njiti ya kiberiti ipenye. Kichwa nje, mkia ndani. Hicho ndicho kipokezi, protini inayopokea ujumbe wa homoni na kuupitisha ndani ya seli.

Gusisha harage kichwani. Ni homoni ya AKH, inayoamuru akiba ya mafuta itolewe nzige anaporuka. Amri ikishapita, lazima ipozwe. Funua donge, paka mkia mafuta, nyunyizia chumvi: ni fosfeti, vibandiko vidogo vya kikemikali vinavyobandikwa na kimeng'enya. Juu yake funga kipande cha ganda la ndizi. Hiyo ni arestini, protini inayozuia amri isipite tena.

Funika tena, bonyeza kando ya njiti polepole (wanafunzi wangu huharakisha, donge likatoboka) mpaka njiti na harage vizame, kisha finya mdomo wa shimo. Kifuko kimeingia ndani. Humo homoni huachia. Kipokezi ama hurudi juu ya utando kuanza kazi upya, ama hupelekwa kwenye lisosomu, kifuko cha kusagia ndani ya seli, kusagwa.

Donge hilo lisikaangwe. Mdogo wangu aliwahi kulikaanga, na njiti yake.