Kabla Hujalipia Kifurushi cha Chakula cha Ndugu Aliyefungwa Marekani

Nyumbani ukiwa na mtu mahabusu unajua la kufanya. Unapika, unafunga, unapanga foleni getini, askari anapekua, chakula kinaingia. Marekani utaratibu huo usahau. Mpwa wangu yuko katika gereza la jimbo la California, na huko chakula cha mkono wako hakipiti. Kinapita kilichofungwa na muuzaji aliyeidhinishwa na idara ya magereza. Unachagua kwenye tovuti yake, unalipa kwa kadi, yeye anatuma.

Sasa sikilizeni vizuri. Idhini hiyo ni ya kulilinda gereza. Haikulindi wewe unayelipa. Wakubwa wa gereza wanataka uhakika kwamba ndani ya pakiti hakuna dawa za kulevya wala simu, basi. Wakisharidhika na hilo, habari ya soseji zilizobadilishwa au simu isiyopokelewa ukilalamika wanakuachia umalizane na muuzaji. Jamaa wengi wanaona alama ya idhini wanadhani serikali imeshawakagulia kila kitu. Haijawakagulia.

Kilichotuumiza sisi ni sharti lililofichwa chini kabisa ya ukurasa wa malipo: bidhaa ikiisha ghalani, muuzaji anaweza kuweka nyingine inayofanana nayo. Mpwa wangu ni Mwislamu. Niliagiza soseji za ng'ombe za halali, akapelekewa za nguruwe. Muuzaji kwake soseji ni soseji. Kijana alizikataa, na ndivyo ilivyopasa, lakini kifurushi kilikuwa kimeshapokelewa na kuhesabiwa, na hapo ndipo mtego ulipo. California mfungwa hupata kifurushi kimoja kwa robo mwaka, kisichozidi pauni 30, yaani kama kilo 13 na nusu. Kikishahesabiwa, robo hiyo imekwisha hata kama nusu ya vilivyomo haviliki. Nilimpigia muuzaji, akasema niulize gereza. Gereza likasema nimuulize muuzaji. Gharama ya usafirishaji sikuiona tena.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa, tafuta pahali panapokataza kubadilishiwa bidhaa. Tovuti nyingine zina kisanduku cha kuweka alama, nyingine zinakutaka upige simu. Kama hakuna njia yoyote ya kukataza, usiagize kitu chenye nyama. Narudia: usiagize kitu chenye nyama. Agiza mchele, tambi, samaki wa pakiti, kahawa, vitu ambavyo hata vikibadilishwa mtu atakula. Piga picha ya oda nzima pamoja na ukurasa wa masharti siku hiyo hiyo, maana kurasa hizo hubadilika.

Mtego wa pili tunajitegea wenyewe, na hapa shangazi na wajomba mnisamehe. Kila mtu anampenda kijana, kila mtu ana kadi ya benki, basi kila mtu anaagiza kivyake bila kumwambia mwenzake. Binamu anatuma biskuti na kahawa, pauni chache tu. Hicho ndicho kifurushi cha robo. Kikubwa mlichokichangia ukoo mzima kinarudishwa. Mteueni mtu mmoja wa kuagiza, na aulize kwanza kwa mfungwa mwenyewe. Simu kutoka magereza ya jimbo la California ni bure tangu 2023, hivyo hakuna sababu ya kubahatisha. Muulizeni pia kama bado anaruhusiwa vifurushi, kwa kuwa gereza huwapanga wafungwa kwa madaraja ya haki wanazoruhusiwa, na walio katika daraja la juu hupata hadi vinne kwa mwaka na wengine hunyimwa, na kama kuna fununu ya kuhamishwa. Akihamishwa kifurushi kikiwa njiani, mtasumbuka.

Mengine ni ya kawaida: jina kamili kama lilivyo kwenye kumbukumbu za gereza, namba yake ya mfungwa, na jina la gereza.

Wengine wataniuliza, kwa nini tusimtumie pesa anunue mwenyewe kantini? Tumeni, lakini mjue kwamba kama mahakama ilimwamuru kulipa fidia, sheria inaruhusu zikatwe hadi asilimia 50 ya pesa zinazoingia kwenye akaunti yake. Kifurushi mnachokilipia ninyi moja kwa moja kwa muuzaji hakipiti kwenye akaunti hiyo. Ndiyo maana pamoja na maudhi yote bado naagiza.

Bunge la California liliona jinsi familia zinavyokamuliwa, likapitisha sheria ya SB 474: tangu Januari 2024, na hadi mwanzo wa 2028, bei ya kantini isizidi asilimia 35 juu ya gharama ambayo gereza lilinunulia. Ni sheria nzuri, lakini ni ya kantini. Vifurushi havimo, na kwa maoni yangu hilo ni pengo la kuzibwa, kwa sababu pochi inayolipia vyote viwili ni moja, ya mama au dada anayefanya kazi za zamu mbili.

New York mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa 2018 walijaribu mpango wa wauzaji wachache maalumu katika magereza matatu, Greene, Green Haven na Taconic. Familia zikapiga kelele, bei juu, matunda hakuna, na gavana Cuomo akausimamisha Januari hiyo hiyo. Mwaka 2022 katazo likarudi kwa sura nyingine: chakula kitoke kwa muuzaji, si kwa mkono wa familia, na safari hii kwa jimbo zima. Sababu iliyotolewa ni kuzuia vitu vya marufuku. Sipingi upekuzi. Ninachopinga ni jamii tajiri kama hii kumgeuza mama wa mfungwa kuwa mteja asiye na duka la pili la kwenda. Wamarekani wengi niliofanya nao kazi hawajui kabisa kwamba jambo hili lipo, na ukiwaeleza wanashtuka kweli.

Magereza ya serikali kuu hayapokei vifurushi vya chakula kutoka nyumbani. Huko mnatuma pesa tu, na ukitumia hawala ya posta andika jina lake kamili na namba yake ya tarakimu nane. Jela za kaunti na vituo vya uhamiaji kila kimoja kina mkataba wake, kwa hiyo msichukue maelezo yangu ya California mkayapeleka huko.

Turudi California: mambo ya kifurushi yakishaharibika, malalamiko rasmi ndani ya gereza huandikwa na mfungwa mwenyewe kwenye fomu inayoitwa 602. Wewe wa nje andika kwa muuzaji kwa barua pepe, si kwa simu, uambatishe zile picha. Kisha uliza kama unaweza kuhudhuria baraza la familia za wafungwa la gereza hilo, linaloitwa Inmate Family Council. Hukaa na uongozi wa gereza, na hapo ndipo nililipeleka suala la kubadilishiwa bidhaa.