Simu used ya mtandaoni: ikague hivi kabla hela haijatoka

Tangazo la simu used halina mengi: picha tatu, "full boksi", "haina tatizo lolote" na "nauza haraka nina shida". Macho ya mnunuzi hukimbilia kioo na betri, na vyote viwili vinatengenezeka. Mafundi wa Ngamiani hapa Tanga wanabadilisha vioo kutwa nzima. Hasara isiyo na fundi ni ya simu ambayo bado ina mwenyewe: imeibwa, imefungwa na akaunti ya mtu mwingine, au ni ya mkopo ambao haujaisha. Ukaguzi uanze hapo, mikwaruzo itasubiri.

Ukiwa bado nyumbani

Mwombe muuzaji IMEI, namba ya utambulisho wa simu, zile tarakimu 15 zinazotokea akibonyeza *#06#. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, chukua zote. Itume kwa meseji ya kawaida kwenda 15090, namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kuhakiki simu, kisha usome jibu linataja simu gani. Tangazo likisema Samsung na jibu likisema aina nyingine, hiyo ni IMEI ya kupachika. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, ndiyo maana wapo wanaozivalisha namba ya simu halali ili mtandao uzipokee. Namba hiyo ikifungiwa, unabaki na kamera na tochi.

Halafu omba picha mpya: simu ikiwa imewashwa, juu ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo na jina lako. Kwa mwenye simu ni kazi ya dakika mbili. Aliyepakua picha za watu atakuletea hadithi ndefu ya kwa nini haiwezekani, na hadithi hiyo ndiyo jibu lako.

Muuzaji wa Dar na kifurushi cha basi

Hapa ndipo watu wa Tanga wanapoliwa zaidi. "Tuma nusu, naipandisha basi la asubuhi, jioni unaichukua stendi ya Kange." Unatumiwa hata picha ya risiti ya kifurushi. Risiti ya basi inathibitisha kwamba kuna kifurushi kimepokelewa; ndani inaweza kuwa sabuni ya mche iliyofungwa vizuri kwa gundi ya karatasi. Ofisi ya basi haifungui mizigo kukuhakikishia.

Kama huna ndugu au rafiki wa kwenda kuikagua dukani huko Kariakoo kwa niaba yako, panda basi mwenyewe au tafuta muuzaji aliye Tanga. Usitume "hela ya kushikia" hata kidogo. Na ukifika wakati wa kulipa, jina linalotokea kwenye simu yako kabla ya kuweka namba ya siri lifanane na la mtu uliye naye. "Tuma kwa namba ya shemeji" ni ndugu yake yule tapeli wa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii".

Simu ikiwa mkononi: kwanza ameiachia?

Kutaneni mchana, mahali penye watu, penye kiti na umeme. Duka la fundi ni pazuri, ila fundi umchague wewe. Nenda na laini yako, waya wa chaji, earphone, memori kadi, pini ya kutolea laini na bando la kutosha.

Bonyeza *#06# mwenyewe na ulinganishe na ile uliyotumiwa, kisha na boksi. Zote tatu ziwe moja.

Sasa akaunti. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako kwa neno lake la siri: kwenye Android, akaunti ya Google ndani ya mipangilio ya akaunti, kwenye iPhone, anagusa jina lake juu kabisa ya Settings na kutoka. Akishatoka ndipo simu ifutwe yote. Mpangilio huu usiugeuze. Simu ikifutwa akaunti ikiwa bado ndani, Android kuanzia toleo la 5.1 na iPhone kuanzia iOS 7 zinakuja kuuliza neno la siri la mwenyewe wa zamani, na bila hilo haziendi mbele. Muuzaji anayesema "nimesahau paswedi, fundi ataitoa" anakuuzia tatizo lake. Wapo mafundi wanaoipita hiyo kufuli, lakini ukija kuifuta simu tena, au wakati mwingine ukipakua tu toleo jipya la mfumo, inarudi.

Simu iliyofutwa iwashe upya, iunganishe na intaneti yako, weka akaunti yako mpaka mwisho. Ikikubali, imeachiwa. Mkishindwana bei, toa akaunti yako kabla hujamrudishia. Wengi husahau hapa.

Simu za mkopo ni mtego wa pili, na mgumu zaidi kuuona. Mtu anachukua simu kwa malipo ya kila siku au kila wiki, analipa kidogo, anaiuza, anapotea. Leo inafanya kazi vizuri kabisa. Tarehe ya malipo ikipita, mkopeshaji anaifunga kwa njia ya intaneti, nawe unaamka na kioo kinachodai deni usilolijua. Kuifuta hakusaidii, kwa sababu namba yake imeandikwa kwa mkopeshaji na simu huulizia huko kila inapowashwa upya kama mpya. Ndiyo maana uunganishe intaneti wakati wa kuiwasha: onyo kwamba simu inasimamiwa na kampuni hutokea pale pale. Angalia pia orodha ya programu kama kuna isiyokubali kufutwa yenye jina la mkopeshaji. Muuzaji anayekuzuia kuwasha data ana sababu.

Kisha mwili

Anza na chumvi. Simu iliyokaa Sahare, Deep Sea au Pangani imevuta hewa ya bahari miaka yote, na nyingine zimeshazama kwenye mtumbwi. Chomoa trei ya laini, mulika ndani kwa tochi. Simu nyingi zina kikaratasi kidogo humo, cheupe. Kikishaguswa na maji huwa chekundu na hakirudi. Mulika na tundu la chaji: vimeno vyake viwe ving'avu. Ukiona kijani au weupe wa unga, kutu imeanza, na kutu ya chumvi haikai mlangoni. Huingia taratibu mpaka kwenye bodi. Simu ya namna hiyo hata kwa bei ya bure mtu afikirie mara mbili.

Chomeka chaji, tikisa waya taratibu. Isikatike. Betri ikisoma 60 kisha ghafla 40, imekwisha. Kwenye iPhone ingia Settings, Battery, halafu Battery Health. Chini ya asilimia 80 uhesabu gharama ya betri mpya kwenye bei. Asilimia 100 kwenye simu ya miaka minne maana yake betri imebadilishwa, basi fungua General kisha About: kuanzia iOS 15.2 simu za karibuni huonyesha humo kama betri, na kwa iPhone 11 na kuendelea hata kioo, ni vya asili au havitambuliki. Pakiwa na ufa kati ya kioo na fremu au mgongo umeinuka, betri imevimba. Iweke chini, usiibonyeze.

Samsung nyingi zina menyu ya majaribio: bonyeza *#0*#, zitatokea rangi moja moja kujaza kioo, sehemu ya kugusa, spika na vihisi. Kwa simu nyingine fungua picha nyeupe tupu, utaona madoa na kivuli cha kibodi kilichochapika. Shika alama ya programu moja na kuiburuta kona zote. Ikiangushwa mahali pale pale kila mara, mguso hapo umekufa.

Weka laini yako upige simu ya dakika mbili hivi. Wakati wa maongezi funika juu ya kioo kwa kiganja: kizime, ukiondoa kiwake. Jaribu spika ya nje, maiki kwa kujirekodi, kamera zote mbili, alama ya kidole au sura, Wi-Fi, na memori kadi. Kwa simu iliyotoka nje, hakikisha inakamata 4G ya mtandao wako. Iliyofungwa kwa kampuni ya huko itakataa laini. iPhone 14 na kuendelea za Marekani hazina kabisa mahali pa kuweka laini, zinatumia eSIM tu, laini ya ndani ya simu isiyo na kadi.

Tahadhari na ukubwa wa memori. Simu bandia huandika GB 512 huku ndani zipo 32. Nakili video kubwa kadhaa, uzifungue zote. Za bandia zitagoma kucheza.

Kulipa na karatasi

Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Ukiiweka kwenye simu ya wizi inayofuatiliwa, atakayetafutwa ni wewe, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Andikeni karatasi: majina ya wote wawili, namba ya NIDA ya muuzaji, IMEI, bei, tarehe, sahihi mbili. Piga picha kitambulisho chake. Akikataa kuandika, mrudishie simu yake.

Ukishalipa, simu isitoke mkononi mwako. "Lete nikufungie vizuri kwenye boksi" ndiyo nafasi ya kuibadilisha. Boksi lichukue tupu.

Kama hela imeshaenda kwa tapeli, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyohiyo, wakati bado hajaitoa kwa wakala, uombe muamala uzuiliwe. Ujumbe wake utume 15040 na ufuate maelekezo ya kutaja namba yake. Kisha nenda polisi na mazungumzo yote yakiwa hayajafutwa, uchukue RB, namba ya taarifa yako pale kituoni.