Ukichora katuni, siri iweke nyuma ya ukurasa

Wewe unayechora kitabu cha katuni, kabla hujatia wino hesabu kurasa zako. Kitabu chetu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hivyo kurasa za witiri hukaa kulia na za shufwa kushoto. Msomaji akifika kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa kulia, mkono wake tayari uko kwenye pembe ya karatasi. Hapo ndipo pa kumtia hamu.

Chukua mfano wa muuza kahawa wa Mji wa Kale. Ukurasa wa 7 anapita uchochoroni na dele lake, vikombe vikigongana: kling, kling. Kisanduku cha chini kabisa, sauti imekatika. Kidole kimesimama juu ya kikombe, macho yanatazama mlango uliochongwa, uko wazi kidogo. Basi, usiseme neno. Kilichomo ndani kichore ukurasa wa 8, kikubwa, ukurasa mzima ukiweza. Ukikichora ukurasa wa 7, jicho litakiona mapema na mshtuko umekufa.

Jambo jingine, mimi hulipenda sana: wajaze wahusika wako weusi tititi, kama vivuli. Huyo wa dele, huyo wa buibui, huyo kijana wa mkokoteni, unawatofautisha kwa umbo tu? Kama hapana, rudia kuchora.

Na maneno punguza. Mvua ikionekana inanyesha, hakuna haja ya mtu kusema inanyesha.