Jinsi ya kuonja waini nyeupe na nyekundu kwenye shamba la Mjerumani bila kuumbuka

Habari zenu wadau. Kila kiangazi napata meseji zilezile kutoka kwa ndugu walioko Mainz, Frankfurt na Köln, "tumealikwa na watu wa kazini kwenda kuonja waini mashambani huko, sasa tunafanyaje?" Basi naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma hii. Mimi nafanya kazi kwenye shamba dogo la familia huku Rheinhessen, mkoa wa waini hapa Ujerumani, nilianza kama kibarua wa kuvuna zabibu mwezi wa tisa, mgongo nusura ukatike, mwaka wa pili wakaniweka mezani kuhudumia wageni na hapo ndo nilipo mpaka leo. Halafu mimi ni mtu wa Dodoma, kwetu zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, nilipomwambia mzee mwenye shamba alidhani namtania.

Kama hunywi pombe, iwe ni dini au afya au mimba, nenda tu, mashamba mengi yana juisi ya zabibu zao wenyewe, sema "Traubensaft", tena ni nzuri kweli.

Hatua ya 1: kabla hujaondoka

Pigeni simu kwanza. Shamba dogo ni nyumba ya watu, mama yuko jikoni baba yuko kwenye trekta, huwezi kutokea tu watu kumi. Sema mnataka Weinprobe, yaani kuonja waini, mko wangapi, saa ngapi, na uliza bei hapohapo maana kila shamba lina utaratibu wake. Ila ukipita kijijini ukaona fagio au shada la majani limening'inizwa getini, hiyo ni Straußwirtschaft, mwenye shamba kafungua kamgahawa kake ka msimu, sheria inamruhusu miezi minne tu kwa mwaka, hapo unaingia bila kupiga simu.

Kula chakula cha maana kabla. Pafyumu acha nyumbani, udi pia, ukija unanukia meza nzima haisikii kitu na watu watakuangalia. Na gari acheni. Kikomo cha pombe kwa dereva huku ni 0.5 kwa elfu kwenye damu, na mwenye leseni mpya ambayo bado iko kwenye kipindi cha majaribio, au aliye chini ya miaka 21, ni sifuri kabisa.

Hatua ya 2: soma lebo hata kama Kijerumani kinakupiga chenga

Tafuta neno moja tu. Trocken ni kavu, sukari isizidi gramu 9 kwa lita. Halbtrocken, nusu kavu, inaishia gramu 18, lieblich, tamu kiasi, 45, juu ya hapo ni süß, tamu kabisa. Kuna feinherb pia, hiyo haina kipimo cha kisheria, kila mtu na yake, mara nyingi inaangukia karibu na halbtrocken au imezidi kidogo.

Sasa mtego uko hapa na mimi ulininasa mwaka mzima. Kabinett, Spätlese, Auslese, haya maneno yanasema zabibu ilikuwa imeiva kiasi gani siku ya kuvunwa, hayasemi waini ni tamu kiasi gani kwenye glasi. Kwahiyo kuna Spätlese tamu na kuna Spätlese trocken kavu kabisa, zimekaa rafu moja. Hiyo Spätlese yenyewe inasimuliwa ilianzia Schloss Johannisberg kule Rheingau mwaka 1775, tarishi aliyetumwa Fulda, kwa askofu aliyekuwa mwenye shamba, kuleta kibali cha kuvuna alichelewa wiki kadhaa, zabibu zikaanza kuoza mtini, wakavuna hivyohivyo kwa kukata tamaa, waini ikatoka ya ajabu. Tarishi mchelewaji kajengewa sanamu palepale uani, kwetu angefukuzwa kazi.

Hatua ya 3: panga foleni ya waini

Nyeupe kavu kwanza, halbtrocken zinafuata, halafu nyekundu, na zile tamu kabisa mwisho wa yote. Ukianza na tamu, kila kavu utakayoonja baadaye itakuwa kama siki na utamlaumu mkulima wa watu bure. Mkipewa uhuru wa kuchagua, ombeni zabibu ya aina moja kwa ukavu tofauti, mfano Riesling trocken na Riesling halbtrocken, glasi mbili kwa pamoja. Hapo utajifunza kuliko kuonja aina kumi ovyo.

Glasi shika kwenye kamguu kake, ukikumbatia kikombe unaipasha moto. Kwenye kugonga sema "Zum Wohl", Prost waachie wa bia, na mwangalie mtu machoni.

Hatua ya 4: macho na pua

Macho usipoteze muda nayo. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, angalia rangi, basi. Ukiona chembechembe kama vioo chini ya chupa usipige kelele, ni Weinstein, chumvi ya asidi ya zabibu imeganda, haina madhara.

Pua ndo kazi. Nusa glasi ikiwa imetulia, zungusha, nusa tena. Wenyeji watakutajia matunda ya kwao huko ambayo wengine hatukuyala utotoni, mimi mwaka wa kwanza nilikuwa naitikia tu kwa kichwa, ndiyo ndiyo, nasikia, kumbe sisikii chochote. Nilipoanza kulinganisha na harufu za jikoni kwa mama yangu ndo mambo yakafunguka. Riesling changa ni ndimu na tofaa la kijani. Scheurebe, ambayo ilizaliwa hukuhuku Rheinhessen mjini Alzey mwaka 1916, ni balungi na pasheni. Gewürztraminer ni marashi ya waridi kama ya kwenye harusi za pwani. Na Riesling iliyokaa miaka, hasa ya mwaka wa jua kali, inanuka mafuta ya taa, sitanii, lile jiko la utambi kabisa, Mjerumani atakwambia "Petrol", yaani hayohayo mafuta ya taa, huku anatabasamu. Sio kwamba imeharibika, wapenzi wa Riesling wanaitafuta hiyo harufu. Sema kile unachokisikia wewe, mzee wa hapa nilipomwambia waini yake moja ina embe bichi alienda kununua embe.

Hatua ya 5: mdomoni

Kiasi cha kijiko kikubwa. Usimeze, izungushe mdomo mzima, kisha fyonza hewa kidogo juu yake kama unavyofyonza chai ya moto, ile sauti ambayo nyumbani ungechapwa kwayo, huku inaruhusiwa.

Halafu sikiliza mate. Waini nyeupe ya Ujerumani uti wake wa mgongo ni uchachu wa asidi, nchi ni ya baridi, zabibu inaiva taratibu na asidi inabaki. Sukari inakudanganya ulimi lakini mate hayadanganyiki. Fanya zoezi hili nyumbani kabla: glasi mbili za maji, kamulia ndimu sawasawa, moja weka sukari vijiko viwili. Ile yenye sukari utasema sio kali, ila baada ya kumeza mate yanajaa pembeni ya ulimi vilevile. Basi ndivyo Kabinett tamu ya bonde la mto Mosel inavyoweza kuwa na sukari nyingi na bado usikinai, asidi inaisukuma. Tamu isiyojaza mate mdomoni hiyo ni sharubati, iache.

Kisha tema. Kuna chombo mezani, Spucknapf, sio mapambo. Piga hesabu, glasi nane za mililita 50 ni mililita 400, zaidi ya nusu chupa. Mimi mara yangu ya kwanza kama mgeni nilimeza zote kwa heshima, kufika ya sita sikuwa naonja tena, nilikuwa nacheka na mbwa wa mwenye nyumba, nikanunua katoni la waini ambayo mpaka leo sijui niliipendea nini. Suuza na maji, tafuna mkate, endelea.

Hatua ya 6: nyekundu

Hapa mate yatakauka badala ya kujaa, zile ni tanini za maganda. Aliyekula bibo anaijua hiyo, au chai ya rangi iliyosahaulika jikoni.

Spätburgunder ni zabibu ambayo kwingine inaitwa Pinot Noir, na waini yake ni nyepesi ya rangi, unaona kidole kupitia glasi. Usiidharau, mara nyingi ndo ya bei kuliko zote mezani. Ikiletwa ya joto omba wakupoozee, nyuzi 14 hadi 16 zinatosha, ikipanda sana unasikia pombe tu. Baada yake ndo Dornfelder, nyeusi tii, zabibu iliyozalishwa mjini Weinsberg mwaka 1955, lengo lilikuwa kuzipa rangi waini nyekundu za huku zilizopauka, baadaye watu wakaanza kuinywa yenyewe. Mimi kwa maoni yangu nyingi ni nzito bila sababu, ila ikipoozwa kidogo na nyama choma iko mezani siikatai. Lebo ikisema Barrique imelala kwenye pipa dogo la mwaloni, tegemea vanila na moshi.

Hatua ya 7: kununua

Andika namba ya waini unapoonja, na jambo moja tu kwa kila glasi, ningeinunua au hapana. Bei usiombe ipunguzwe kama sokoni, ila chupa mbili tatu chukua, huo ndo ustaarabu. Kifuniko cha kuzungusha hakimaanishi waini ya bei chee, hata za maana wanafunga hivyo siku hizi. Ukifungua nyumbani isipoisha funga rudisha kwenye friji, nyekundu pia, Riesling itakaa siku tatu nne bila shida, na hiyo nyekundu itoe nusu saa kabla ya kunywa.