SOMO: Jinsi ya kumpima upya bondia mzito wa miaka ya 1880 na 1890

Wakuu, nimechoka kujibu swali lilelile, "kama Peter Jackson alikuwa mkali hivyo mbona hakuwa bingwa wa dunia?" Naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtupia uzi huu.

Mfano wangu ni huyohuyo Jackson, bondia mweusi wa uzito wa juu, maana ndiye anayeniuma. Kazaliwa St. Croix, enzi hizo kisiwa cha Denmark, ngumi kafundishwa Sydney na Larry Foley, bingwa wa Australia 1886, kafa kwa TB Queensland 1901.

Hatua ya 1. Chagua bondia mmoja. Sio watano.

Hatua ya 2. Andika tarehe, mji, na uzito wa wote wawili. Uzito usiuruke, zama zile mtu wa kilo 76 alikuwa anapanda na mtu wa kilo 95 na hakuna anayeshangaa.

Hatua ya 3. Jua sheria zilizotumika. Hapa ndipo karibu kila mtu anaharibu, kwa hiyo soma taratibu. Kwenye sheria za zamani za London, zile za ngumi bila glovu, raundi inaisha mtu akidondoka, iwe kapigwa, kasukumwa au kajiangusha, yaani raundi inaweza kuwa sekunde 10 au robo saa. Sheria za Queensberry, zilizotoka 1867, ni glovu, dakika 3 kisha dakika 1 ya kupumzika. Sasa chukua John L. Sullivan, bingwa wa dunia wa enzi hizo, na Jake Kilrain, Julai 1889 huko Richburg, Mississippi: raundi 75 za sheria za London, masaa 2 na dakika 16. Halafu Jackson na Mmarekani James Corbett, 21 Mei 1891, San Francisco: raundi 61 za Queensberry, hizo ni dakika 183 za kupigana, ukijumlisha mapumziko ni masaa 4 na ushee. Mtu anayeniambia Sullivan alikaa ulingoni zaidi kwa sababu 75 ni kubwa kuliko 61 hajui anachohesabu.

ONYO: usilinganishe raundi za sheria mbili tofauti, kamwe.
ONYO lingine: neno "sare" usiliamini mpaka usome gazeti la kesho yake. Kulikuwa na mapatano kwamba wote wakimaliza wamesimama ni sare, hata kama mmoja kachakazwa mwanzo mwisho. Kulikuwa na polisi wanaopanda ulingoni kusimamisha. Na kulikuwa na maonyesho ya raundi 3 au 4 ya kuingiza kiingilio tu, ambayo watu leo wanayajaza kwenye rekodi kama mapambano ya kweli.

Hatua ya 4. Andika nani alimkimbia nani, kwa tarehe. Jackson kampiga George Godfrey Agosti 1888 raundi ya 19, Joe McAuliffe mwaka uleule raundi ya 24, Jem Smith London 1889, Frank Slavin London Mei 1892 raundi ya 10. Corbett hakumuweza, refa akasimamisha bila mshindi. Miezi 16 baadaye Corbett huyohuyo anampiga Sullivan New Orleans na kuwa bingwa! Sullivan alishatangaza wazi kwamba hapigani na mtu mweusi, na Godfrey, mweusi pia, alikuwa naye mji mmoja, Boston, hawakuwahi kukutana ulingoni kugombea ubingwa. Marudiano ya Jackson na Corbett nayo hayakufanyika. Hilo ndilo jibu la swali lenu: mkanda alinyimwa nafasi ya kuugombea, hakushindwa kuupata.

Hatua ya 5. Vipigo alivyopata mwishoni mwa kazi yake, angalia umri na afya kwanza.

MASWALI

Swali: Jackson na Tyson nani angeshinda?
Jibu: Sio mada ya uzi huu.

Swali: Ndefu sana, weka kwa kifupi.
Jibu: Soma.

Swali: Mkuu unampamba bure, James Jeffries, bingwa wa dunia wa baadaye, alimmaliza raundi ya 3 tu.
Jibu: Hatua ya 5 umeiruka. Hiyo ni Machi 1898. Jackson keshapita 35, karibu miaka 6 tangu ampige Slavin hana pambano la maana, na mwili umeshachoka. Jeffries kijana wa miaka 22. Sijasema Jeffries sio mkali, nasema pambano hilo halikuambii chochote kuhusu Jackson wa 1890.

Swali: Samahani kaka, mimi mgeni kwenye haya mambo. Joe Choynski naona ana vipigo vingi na alikuwa mwembamba, anahesabiwaje na wazito?
Jibu: Swali zuri sana dada. Ndio maana nikasema uzito usiuruke. Choynski wa San Francisco alikuwa kwenye kilo 76 hivi, leo asingeruhusiwa hata kupanda na wale watu. Lakini 1897 alimaliza raundi 20 na Jeffries, wakatoka sare, na 1901 kule Galveston alimlaza Jack Johnson, naye bingwa wa dunia wa baadaye, raundi ya 3. Wote wawili wakawekwa ndani maana ngumi ilikuwa haramu Texas, na humohumo jela wakawa wanafanya mazoezi pamoja, Johnson akajifunza mengi ya kujilinda. Vipigo vyake visome hivyo, utamheshimu.

Swali: Magazeti yenyewe yanapatikana wapi?
Jibu: Ya Australia yako tovuti ya Trove, ya New Zealand yako tovuti ya Papers Past, bure kabisa. Kuna kitu wengi hawajui: matokeo ya Marekani yalifika Sydney kwa telegrafu, mistari michache, maelezo ya raundi kwa raundi yakaja na meli baadaye. Kwa hiyo usiishie wiki ya pambano, tafuta mpaka mwezi na nusu mbele.

Swali: Na video je?
Jibu: Corbett na Bob Fitzsimmons aliyemvua ubingwa, Carson City, Machi 1897, vipande vipo. Nenda raundi ya 14, usiangalie ngumi, angalia miguu ya Fitzsimmons inavyojipanga kabla ya lile konde la chembe ya moyo.