SOMO: Kuchagua shokapu na springi za gari ya mwendo kwa barabara za Dar

Wakuu, habari za muda huu. Swali la "nataka kushusha gari, nifunge nini?" nimelijibu mpaka vidole vimechoka, na kila anayeuliza naanza naye upya. Leo naliandika lote. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa, asione nimemdharau.

Natumia Impreza WRX ya 2003, bodi ya GDA (jina la toleo la bodi), na kila siku naitoa Goba mpaka mjini na kurudi. Somo hili ni kwa gari za aina hiyo: Impreza, Altezza, Evo, Mark X, Forester yenye turbo. Gari inayokupeleka kazini Jumatatu, na Jumapili alfajiri unataka ishike kona.

Hatua ya 1. Kagua miguu uliyonayo: bushi, boljointi, tairodi, stabilaiza linki, mauntingi za juu. Kilichokufa kibadilishe kabla hujanunua chochote kipya.

Hatua ya 2. Tairi. Kama umevaa za mtumba zilizokauka, hela yako ianzie hapo.

Hatua ya 3. Andika kwenye karatasi gari inafanya kazi gani. Siku ngapi kwa wiki inabeba watu wanne, inapita vumbi kiasi gani, nyumbani kwako kuna matuta mangapi mpaka ufike lami. Anayekaa Masaki na anayekaa Kibada ndani ndani hawawezi kufunga kitu kimoja wote wakafurahi.

Hatua ya 4. Pima nafasi ya kubonyea. Hapa someni polepole, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mwaka wa kwanza nilinunua springi fupi, za kushusha sentimita tano, nikazifunga juu ya shokapu za kiwandani. Kwa macho gari ilipendeza mno. Wiki ileile mvua ikanyesha, nateremka kutoka Goba, kwenye kona ya kulia lami ilikuwa na kiraka kilichovimba. Gari ikalala upande wa kushoto, mguu wa nyuma ukagota, mkia ukaachia palepale. Haikuteleza taratibu ukapata muda wa kuihisi. Tulisimama tairi moja ikiwa mtaroni, mke wangu kashika dashibodi kwa mikono miwili. Hakuumia mtu. Nilipofungua shokapu nikakuta ile raba ya kugotea ya nyuma kushoto imepasuka vipande vitatu, na kimoja kilikuwa bado kimeng'ang'ania fimbo kama ganda.

Kilichotokea ni hiki. Springi ndiyo inayobeba gari, shokapu kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke. Shokapu ya kiwandani ina urefu wake na nafasi yake ya kubonyea. Ukishusha gari sentimita tano kwa springi, hizo tano umezikata kwenye nafasi ile, na iliyobaki ikiisha shokapu inalala juu ya raba. Mguu uliolala juu ya raba unakuwa mgumu ghafla kama chuma, uzito wote unaipigia tairi, tairi inaachia. Ikitokea nyuma, mkia unaondoka. Ikitokea mbele, unakata usukani na gari inakwenda moja kwa moja.

Kuna la pili ambalo wengi hawaambiwi. Kwenye miguu ya aina ya MacPherson, yaani shokapu yenyewe ndiyo nguzo inayoshikilia tairi upande wa juu, na Impreza ya GD (familia ya GDA yangu) iko hivyo mbele na nyuma, mkono wa chini ukiwa sawa na ardhi au ncha ya nje iko chini kidogo, mambo ni mazuri. Ukishusha gari mpaka ncha ya nje ikapanda juu kuliko ya ndani, kile kitovu ambacho bodi inajipindia kinashuka haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Gari iko chini, lakini kwenye kona inalala zaidi kuliko ilivyokuwa. Umetoa hela ili ilale zaidi.

Sasa jipime mwenyewe. Chukua kile kifungio cha plastiki cha kubania waya, kifunge kwenye fimbo inayong'aa ya shokapu, kibane kisianguke lakini kiweze kusukumwa. Kisukume mpaka kiguse bodi ya shokapu gari ikiwa imesimama chini. Zunguka wiki nzima njia zako zote, na siku moja beba watu wanne. Halafu tazama kimesukumwa mpaka wapi na kimebakiza kiasi gani kufika kwenye raba. Kilichobaki ndicho unachoweza kushusha, na bado uache akiba. Kwangu nyuma kilibaki kama upana wa vidole viwili. Ningelipima kabla, nisingenunua springi zile.

Maonyo ya hatua hii:

Kwa barabara zetu, sentimita mbili hadi mbili na nusu zinatosha. Zaidi ya hapo uwe na koilova (shokapu na springi zilizounganishwa, urefu wake unarekebishwa) iliyotengenezwa kwa urefu huo.

Springi fupi juu ya shokapu chakavu, usifanye. Hata kama zinauzwa bei ya kutupa.

Usipime kwa kuangalia pengo la tairi na fenda. Pima kwa futi kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda. Ukipima kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya.

Hatua ya 5. Ugumu wa springi. Unaandikwa kwa kilo kwa milimita. Koilova nyingi za Kijapani za gari za ukubwa huu zinakuja na 6 mpaka 8, na hapo tayari ni zaidi ya springi ya kiwandani kwa mbali. Namba kubwa si sifa. Kwenye mkeka wa lami mpya utaifurahia, ukiingia Barabara ya Mandela kwenye mabonde yaliyochimbwa na malori, tairi inaruka badala ya kushika. Mimi nimekaa na 5 mbele na 4 nyuma na sijutii.

Hatua ya 6. Chagua aina. Njia ni tatu. Ya kwanza ni shokapu mpya nzuri na springi zilezile za kiwandani. Bilstein B6 imetengenezwa kwa hilo, na B8 ni fupi, kwa ajili ya springi za kushusha, msizichanganye. KYB nao wapo na wanapatikana kirahisi zaidi. Kwa watu saba kati ya kumi wanaonitumia ujumbe, jibu lao ni hili, ila hawalipendi kwa sababu gari haishuki. Ya pili ni seti iliyolinganishwa, springi na shokapu za mtengenezaji mmoja. Ya tatu ni koilova.

Kwenye koilova uliza mambo mawili kabla ya bei. Je, urefu unarekebishwa kwa kikombe cha chini bila kugusa springi? Kama ndiyo, unashusha gari bila kula nafasi ya kubonyea ndani ya shokapu. Kama unashusha kwa kuteremsha kiti cha springi, umerudi kwenye kosa langu la hatua ya 4. La pili, je, inafunguliwa na kutengenezwa? Tein Flex Z ni nzuri kwa bei yake lakini imezibwa, ikivuja unanunua nyingine. BC Racing BR inafunguliwa.

Hatua ya 7. Mtumba. Gerezani na Ilala zipo, nyingine nzuri kabisa. Futa fimbo kwa kitambaa cheupe, tafuta mafuta na mikwaruzo. Ibonyeze kwa mkono: isikwame katikati wala isiwe na sehemu tupu. Zungusha ringi za kurekebishia. Kama zimeganda kwa kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi zinaganda, iache hapo dukani.

Hatua ya 8. Kufunga. Bolti za bushi zisikazwe mguu ukiwa unaning'inia kwenye jeki. Raba ya bushi inajishikiza kwa mkao iliyokazwa nao; ukishusha gari inabaki imenyongwa, na haimalizi mwaka. Funga kwa kulegeza, shusha gari chini, itikise, ndipo ukaze. Fundi akikuambia ni kupoteza muda, msimamie.

Hatua ya 9. Tembea siku chache springi zikae, kisha alaimenti (kupanga pembe za tairi). Bila alaimenti hujamaliza kazi.

Maswali yaje.

---

Mwenye Altezza: Mkuu somo zuri. Sasa koilova gani ni nzuri?

Jibu: Hatua ya 3. Hujasema gari inafanya nini.

Mwenye Altezza: Natembelea tu kawaida.

Jibu: Basi shokapu mpya na springi za kiwandani. Hatua ya 6, njia ya kwanza.

Mwenye Mark X: Kaka kuna fundi anakata springi kwa grinda, elfu thelathini miguu yote minne. Si ni kitu kilekile?

Jibu: Hapana. Springi ina ncha iliyotengenezwa ikae kwenye kiti chake, ukiikata haikai. Mguu ukining'inia kwenye shimo, springi fupi inaweza kuhama mahali pake na gari ikirudi chini haijui irudi wapi. Na moto wa grinda unaharibu chuma pale ulipokata. Usikate.

Mwenye Mark X: Wengi wamekata na wanatembea.

Jibu: Umeuliza, nimejibu.

Mwenye Forester: Shikamoo mwalimu. Nina Forester ya bodi ya SG yenye turbo, shokapu za nyuma zimekufa, gari imekaa chini nyuma hata ikiwa tupu. Nimenunua za kawaida nikafunga, bado imelala. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa kueleza vizuri. Baadhi ya SG zilikuja na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe, gari ikitembea kidogo zinapanda zibebe mzigo. Kwa sababu shokapu zinasaidia kubeba, Subaru waliziwekea springi laini. Ukitoa shokapu zile ukaweka za kawaida, springi laini imebaki peke yake, ndiyo maana imelala. Shokapu ulizonunua hazina kosa. Tafuta springi za nyuma za SG isiyo na mfumo huo, ufunge pamoja. Hizo za mtumba zinafaa, springi haifi haraka kama shokapu, ila kagua kama ina kutu iliyochimba. Ukimaliza leta majibu, kuna wengi wenye gari hiyo.

Mwenye STI: GDB yangu inagonga mbele kwenye matuta madogo tu, makubwa kimya. Boljointi na linki mpya. Fundi anataka kubadilisha shokapu zote mbili.

Jibu: Msubirishe. Shokapu za STI hiyo zimegeuzwa, fimbo iko ndani chini na bomba nene ndilo linaloteleza kwenye bushi zake. Grisi ikikauka zinagonga hivyohivyo, kwenye mitikisiko midogo. Zifunguliwe, zisafishwe, ziwekwe grisi upya. Kama bomba halijachimbika, zitanyamaza. Kwa nyinyi kipimo cha kifungio cha plastiki hakifanyi kazi, kwa kuwa fimbo haionekani.

Mdau wa Tabata: Naona umetaja Bilstein, Tein, BC. Unapata kamisheni?

Jibu: Sipati chochote. Nimetaja ninazozijua zilivyo ndani, na Tein nimesema wazi ikivuja inatupwa. Mwenye kuuza angesema hivyo? Kama una nyingine unayoijua, ilete na ueleze imejengwaje.

Dada wa Evo: Kaka, nimenunua koilova zenye kurekebisha ugumu kwa kuzungusha juu. Zina mibofyo mingi, nianzie wapi? Nimekuwa nikizungusha tu bila mpangilio na sasa nimepotea.

Jibu: Swali zuri sana dada. Zungusha zote mpaka mwisho wa ugumu, taratibu, usilazimishe. Kutoka hapo rudisha kwa kuhesabu mpaka katikati, miguu yote minne, uandike. Chagua kipande kimoja cha barabara chenye kona na mabonde, uwe unapita hichohicho. Badilisha mbele peke yake mibofyo miwili, pita, andika. Rudisha, kisha nyuma peke yake. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kipi kimefanya nini. Gari ikiendelea kudunda baada ya bonde, ongeza ugumu. Ikipiga kila kokoto mpaka mgongo, punguza. Kushoto na kulia ziwe sawa daima.

Dada wa Evo: Nimefanya leo asubuhi. Kumbe nyuma kushoto ilikuwa mibofyo sita tofauti na kulia! Ndiyo maana kona za kulia zilikuwa zinanitisha.

Jibu: Safi sana. Bandika namba hizo kwenye kipande cha tepu chini ya boneti, fundi akigusa utajua.

Mwenye Impreza: Ringi zangu zimeanza kutu, nakaa Kigamboni karibu na bahari. Nifanyeje kabla hazijaganda?

Jibu: Osha kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka kwenye tope la masika, kausha, piga brashi ya nailoni kwenye nyuzi, usitumie ya chuma. Paka mafuta ya silikoni. Grisi nzito usipake, inakusanya mchanga. Na kila baada ya miezi mitatu zungusha ringi kidogo halafu irudishe palepale, weka alama ya rangi kabla ili usipoteze urefu.

Mwenye Impreza: Rangi ya kucha ya mke wangu itafaa?

Jibu: Inafaa, mimi pia natumia hiyo. Iache ikauke kabla ya kuzungusha.